Kukosa Cheti si Aibu, Kudanganya Ndiyo Aibu

Tarehe 28 Aprili, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, kazi ambayo Serikali iliifanya kwa kushirikiana na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kati ya watumishi 400,035 waliohakikiwa, 376,969 walikutwa na vyeti halali. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Aidha, viligunduliwa vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watumishi 3,076: jina moja, mtihani mmoja, mishahara miwili. Walioghushi waliamriwa waondoke kazini, na wakaonywa kwamba atakayekutwa bado yupo baada ya tarehe 15 Mei atafikishwa mbele ya sheria, ambayo kwa kosa la kughushi inaruhusu kifungo cha hadi miaka 7.

Ni dhahiri kwamba hesabu ile haikuwa ya wavivu watupu. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliowafundisha watoto kusoma, na wauguzi waliokesha wodini. Wapo waliokuwa wamebakiza muda mfupi tu kustaafu. Hoja yao kubwa, iliyosikika katika kila wilaya, ilikuwa moja: kazi waliijua na kazi waliifanya. Hoja hiyo ina uzito, wala si haki kuidharau. Lakini ndiyo hasa inayoonyesha ubaya wa uongo wenyewe. Mtu asiyefanya kazi hupoteza kidogo anapogunduliwa. Aliyefanya kazi kwa bidii miaka 20 chini ya cheti cha uongo hupoteza miaka yote 20, kwa maana kila alichokijenga alikijenga kwa jina la sifa asiyokuwa nayo. Mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarejeshea michango waliyokatwa katika mishahara yao. Ulikuwa uamuzi wa huruma, lakini mchango si pensheni. Sehemu ya mwajiri haikuwamo, wala heshima haikuwamo.

Wapo wanaosema kwamba kosa la watu hawa lilikuwa ni kukosa elimu tu. Historia ya karibuni inakanusha. Waraka wa tarehe 20 Mei, 2004 uliweka elimu ya kidato cha nne kuwa sharti la kuajiriwa Serikalini. Uhakiki ulipopita, waliondolewa pia watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo, wakati sharti lilikuwa bado halijawekwa. Mwezi Aprili 2018 Serikali iliagiza warejeshwe kazini. Dereva, mhudumu na mlinzi ambao majalada yao yalisema kweli, kwamba waliishia darasa la saba, walirudi. Waliokuwa wameleta vyeti vya kughushi hawakuhusika na msamaha huo. Inawezekana kabisa watu wawili walikaa darasa moja, wakafeli mtihani mmoja, wakafanya kazi katika ofisi moja. Mmoja akarudi, mwingine asirudi. Kilichowatenganisha si elimu. Ni mstari mmoja ulioandikwa katika fomu iliyomo masjala.

Hata hivyo, lawama zisimwangukie mwongo peke yake. Jamii iliyoabudu cheti ndiyo iliyomfundisha kukighushi. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilaumu desturi ya kumpima mtu kwa mtihani aliofaulu badala ya kazi anayoweza kuifanya. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi likamtaka kijana afanye kazi kwanza, na mwenendo wake upimwe, kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Siasa hiyo ilikuwa na matatizo yake katika utekelezaji, lakini maradhi iliyotaka kuyatibu yangalipo. Ofisi inayompandisha mtu cheo kwa kutazama karatasi tu, bila kuuliza amefanya nini, inawatengenezea soko wauza karatasi.

Soko hilo sasa limebadili bidhaa. Aliyejua kwamba Baraza la Mitihani hutunza kumbukumbu za matokeo, na kwamba cheti kisichomo humo hujulikana, haghushi tena. Anaongeza maneno katika wasifu wake. Kozi ya miezi mitatu inaitwa stashahada. Masomo aliyoyaacha njiani yanaandikwa kana kwamba aliyamaliza. Shahada ya uzamivu inanunuliwa kutoka chuo cha ng'ambo kisicho na darasa wala mwalimu, kisha mtu anataka aitwe daktari. Maradhi haya yanaonekana hata pale ambapo sheria haikudai shahada. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, basi. Kiongozi anayejipachika elimu asiyokuwa nayo anadanganya bila hata kulazimishwa, na mtumishi wa chini anamtazama na kujifunza.

Afanye nini, basi, mtumishi ambaye jalada lake lina jambo asiloweza kulithibitisha? Hapana budi alisahihishe mwenyewe, kwa maandishi, kabla hajaulizwa. Njia hiyo ina gharama: huenda akashushwa cheo, huenda akaondoka. Lakini walioondoka wenyewe kabla ya tarehe 15 Mei, 2017 hawakungoja mahakama, na anayesema kweli mapema hubaki na neno lake hata akikosa kiti chake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Elimu aliyoidai kwa uongo anaweza bado kuitafuta kwa haki: Mtihani wa Maarifa upo kwa asiyepita sekondari, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimewapokea watu wazima walio kazini tangu mwaka 1994.

Wajibu wa wakuu wa idara ni kuhakiki siku ya kwanza, si mwaka wa ishirini, na kumpokea anayejisahihisha kwa namna itakayowapa wengine moyo wa kumfuata. Wajibu wa walimu ni mkubwa zaidi. Kila mwaka wanawasimamia watoto katika chumba cha mtihani na kuwakataza kunakili. Mtoto aliyekatazwa ana haki ya kuamini kwamba aliyemkataza aliupata ualimu wake kwa jasho lake mwenyewe.