Risala ya Wanafunzi Waliohamia Kutoka Vyuo vya Jamii, Kuhusu Njia ya Kufika Benki za Uwekezaji

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,
Mheshimiwa Mkuu wa Shule ya Biashara,
Ndugu Mkurugenzi wa Udahili,
Ndugu Mkurugenzi wa Ofisi ya Ajira,
Waheshimiwa walimu wetu,

Sisi ni wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne tuliohamia hapa kutoka vyuo vya jamii vya miaka miwili. Tulizaliwa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi. Wengine tuliingia Marekani na wazazi wetu tukitokea kambi za wakimbizi, wengine tulikuja kwa viza ya masomo. Wazazi wetu wanahudumia wazee usiku na kupakia mizigo kwenye maghala. Vyuo vya jamii tulivichagua kwa kuwa ada yake tuliimudu, na walimu wake walitufundisha vizuri.

Tunataka kazi ya benki za uwekezaji, yaani kuzisaidia kampuni kuuza hisa na hati fungani, kununuana na kuungana. Wapo kati yetu waliokua wakisimuliwa jinsi watu walivyopanga foleni Kenya mwaka 2008 kununua hisa za Safaricom, wakataka kujua ni nani aliyeketi akapiga hesabu hadi hisa moja ikauzwa shilingi 5. Shida tunazozieleza tumezivumilia mwaka mzima na zaidi kabla ya kushika kalamu.

1. Mheshimiwa, shida inayozidi zote ni ya kalenda. Benki kubwa za New York huchukua wachambuzi wapya hasa kutoka kwa vijana waliofanya nazo mafunzo ya kiangazi, kama wiki 10, kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Siku hizi maombi ya mafunzo hayo hufunguliwa mwanafunzi akiwa bado mwaka wa pili, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kiangazi chenyewe. Mwaka wa pili sisi tulikuwa chuo cha jamii, tukijaza fomu za uhamisho. Majibu yenu yalitufikia Aprili na Mei. Agosti tulipowasili na mabegi yetu, nafasi nyingi za kiangazi kilichofuata zilikuwa zimekwisha kugawiwa.

Mwenzetu mmoja alifanya kazi ya usiku ghalani miaka miwili na akamaliza chuo cha jamii bila kupata alama iliyo chini ya A. Siku ya tatu baada ya kufika hapa alikwenda Ofisi ya Ajira. Alipokelewa kwa upole, akafunguliwa orodha ya benki, na karibu kila jina lilikuwa na neno moja mbele yake: imefungwa. Kijana huyu alikuwa ameviacha vyuo viwili vilivyompa msaada mkubwa zaidi wa ada, kwa sababu vipeperushi vya hapa vilizitaja benki zilezile. Hatusemi alidanganywa. Tunasema hakuna aliyemweleza kwamba orodha ile ni ya waliokuwapo tangu mwaka wa kwanza.

Tunaomba aliyekubaliwa kuhamia apewe mshauri wa ajira na ruhusa ya kuingia kwenye mtandao wa ajira wa chuo siku ileile anapopokea barua yake. Tunaomba pia maofisa wenu waende vyuo vya jamii vya jirani kila vuli, wawaambie wanafunzi wa mwaka wa pili waanze kuomba benki kabla hawajahama. Na yule anayetaka kusogeza mahafali yake kwa muhula mmoja au miwili, ili apate kiangazi kingine cha kuomba, aruhusiwe bila kupunguziwa msaada wa ada. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki.

2. Tulipokuwa tukichagua chuo, hatukuwa na kipimo. Chukueni mfano wa mtu aliyekubaliwa Baruch, chuo cha umma kilicho Manhattan, ambako anaweza kwenda benki kwa treni ya chini ya ardhi na kurudi darasani jioni. Mtu huyo huyo amekubaliwa pia chuo chenye jina kubwa zaidi kilicho mbali na New York. Atalinganisha nini na nini? Takwimu za ajira tulizopewa zinawachanganya waliokaa miaka minne na waliohamia, na kazi za kila aina zimewekwa chini ya neno moja, fedha: mhudumu wa tawi la benki na mchambuzi wa Wall Street wanahesabiwa pamoja.

Tunaomba chuo kitoe kila mwaka hesabu ya waliohamia peke yao: wangapi waliomba benki za uwekezaji, wangapi walipata, katika mji gani. Ikiwa ni sifuri, tuambieni sifuri. Mzazi anayetoa akiba yake ya miaka 6 anastahili kuijua namba hiyo kabla hajalipa.

3. Krediti zetu zinapotea. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na sisi tulikuja na 60 au karibu na hapo. Ofisi ya serikali ya Marekani inayofanya ukaguzi kwa niaba ya Bunge ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Kwetu hasara hiyo ni zaidi ya ada. Somo la uhasibu likikataliwa, mwanafunzi hulirudia, na somo la fedha za makampuni husogea hadi mwaka wa nne. Basi anaketi mbele ya msaili anayemuuliza jinsi taarifa tatu za hesabu zinavyoshikana, au jinsi kampuni inavyothaminiwa kwa fedha itakazoingiza miaka ijayo, naye hajafundishwa. Wengi tulijifunza wenyewe usiku, kwa vitabu vya kuazima.

Jambo hili lina dawa, na dawa yake imeshajaribiwa. California ina tovuti ya ASSIST, ambako mwanafunzi wa chuo cha jamii huona kila somo lake litahesabiwaje katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Kampasi 6 za Chuo Kikuu cha California, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, humhakikishia nafasi anayetimiza masharti. Berkeley na Los Angeles hazimo, na kwa mtu wa benki hilo ni pengo kubwa, lakini angalau analijua mapema. Tunaomba tathmini ya krediti, somo kwa somo, iandikwe na kutumwa kabla ya tarehe ya kulipa amana.

4. Vilabu vya uwekezaji vinapokea wanachama mwaka wa kwanza. Huko ndiko kaka na dada waliotangulia huwafundisha wadogo zao usaili, na ndiko wahitimu walioko benki hupiga simu wakitafuta vijana. Tulipoomba, tulijibiwa kwamba wa mwaka wa tatu hawana muda wa kutosha wa kulelewa. Tunaomba kila klabu inayopewa fedha na chuo itenge nafasi kwa waliohamia, na Shule ya Biashara iwape wahitimu waliowahi kuhamia orodha ya majina yetu, kwa ridhaa yetu.

5. Hapa krediti huhamishwa bila alama. Miaka miwili ya jasho haionekani kwenye wastani wetu, nasi tunahukumiwa kwa muhula mmoja, ule mgumu wa kwanza. Tunaomba cheti cha matokeo kionyeshe wastani wa vyuo vyote viwili.

6. Wenzetu wenye viza ya masomo wana mzigo wa peke yao. Baada ya shahada wanaruhusiwa kufanya kazi miezi 12, na shahada ikiwa kwenye orodha ya sayansi na teknolojia huongezwa miezi 24. Shahada ya uchumi iliyosajiliwa chini ya msimbo wa ekonometria imo kwenye orodha hiyo, ile ya uchumi wa jumla haimo. Wawili kati yetu waligundua hili wakiwa muhula wa mwisho. Tunaomba msimbo wa kila shahada uandikwe kando ya jina lake katika kitabu cha masomo na kwenye barua ya kukubaliwa.

Waheshimiwa, tunajua mengi ya haya hayahitaji fedha nyingi, na yapo ndani ya uwezo wa ofisi zenu. Chuo Kikuu cha Princeton kilikaa bila kupokea wanafunzi wa kuhamia tangu 1990, kikaufungua mlango huo tena 2018. Ninyi mlango wenu u wazi, nasi tumeingia kwa shukrani. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya mwisho wa Mei, kwa sababu wadogo zetu katika vyuo vya jamii wamekwisha kupokea barua za kukubaliwa, na wengine wanatupigia simu kila jioni wakiuliza wachague wapi.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wenu,
tuliohamia kutoka vyuo vya jamii.