Taya la Nyumbu Lisomwe Tarime

Mtoto wa Tarime au wa Mugumu humaliza darasa la saba akiwa anayajua mengi ya porini. Amekesha shambani kulinda mahindi yasiliwe na tembo. Amesikia wakubwa wakinong'onezana habari za kimoro, yaani nyama ya porini. Lakini ni nadra kuwekewa fuvu mezani akaulizwa: huyu alikuwa anakula nini, na umejuaje? Kwake mnyama ni hasara au ni kitoweo. Wazazi na walimu wa wilaya za Tarime na Serengeti wana wajibu wa kumwongezea jambo la tatu, yaani elimu, nayo huingia vizuri zaidi mbele ya mifupa kuliko dirishani mwa gari la watalii.

Nyumbu akikimbia ni vumbi tu. Fuvu lake husubiri lisomwe. Taya la juu halina meno ya mbele, sawasawa na ng'ombe. Fuvu la pundamilia lina meno ya mbele juu na chini. Hiyo ni sababu mojawapo ya pundamilia kutangulia kukata majani marefu na magumu, naye nyumbu hufuata akila mafupi na laini.

Mfugaji wa Kikurya haoni ajabu kuambiwa kwamba nyumbu na ng'ombe ni ndugu. Ajabu ipo kwenye yaliyofuata. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa pamoja, bila kubagua zizi na mbuga. Baadaye ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walichanjwa, na kufikia miaka ya 1960 ugonjwa ukawatoka hata nyumbu, ambao hawakuchomwa sindano hata moja! Mwanzoni mwa miaka hiyo nyumbu walikuwa takribani robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Makundi ambayo dunia nzima huja kuyatazama yakivuka Mto Mara pale Kogatende yana deni kwa mazizi ya wafugaji. Mtoto wa Nyamongo ana haki ya kuijua habari hii kabla ya mgeni.

Wapo watakaosema makumbusho ni mambo ya watu wa mjini. Kweli, fuvu la zamadamu Zinjanthropus, aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, limehifadhiwa Dar es Salaam, na Dar ni mbali. Lakini Makumbusho ya Elimu Viumbe yapo Arusha, ndani ya boma la Wajerumani, na mabasi ya kutoka Mugumu kwenda huko hukatiza hifadhini. Karibu zaidi kipo kituo cha wageni cha Seronera: wanafunzi wa Mugumu wakiondoka alfajiri, jioni wamerudi. Harusi huchangiwa kwa kadi na vikao. Safari ya darasa moja inashindikanaje?

Wala kusoma mifupa si kipaji cha Wazungu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, Lindi, mabaki ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, yenye uzito wa tani 250 hivi. Msimamizi wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa na wapagazi hadi bandarini Lindi. Leo mjusi wa Tendaguru amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mwingine wa huko jina la Boheti.

Na shule isiyo na nauli? Isithubutu kuokota fuvu la nyumbu mtoni: hiyo ni nyara ya serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa. Ianze na fuvu la ng'ombe kutoka machinjioni, na la punda aliyekufa kwa ajali, si kwa ugonjwa, kwa maana kimeta hakina masihara. Afisa mifugo ajiridhishe kwanza. Yachemshwe, yaanikwe, yawekwe pamoja: ng'ombe badala ya nyumbu, punda badala ya pundamilia. Kisha afisa huyo huyo aombwe kubaki kipindi kimoja aeleze sotoka ilivyokuwa, na wanafunzi wapeane zamu kupitisha vidole penye meno na pasipo na meno.