Usiwalaumu Unaokaa Nao

Kuna lalamiko ambalo sisi vijana tunaojali mazingira tumeligeuza wimbo: "Ningeishi bila kuzalisha taka nyingi, shida ni watu ninaokaa nao." Binamu ananunua soda ya chupa ya plastiki kila jioni. Rumeti anatupa maganda ya ndizi na pampasi za mtoto kwenye ndoo moja. Shemeji haelewi kitu. Basi tunabaki watakatifu wenye ndoo chafu.

Napinga. Kama kuna mahali ambapo mtu wa kipato cha kuungaunga anaweza kupunguza taka kwa kweli, ni ndani ya nyumba yenye watu wengi. Anayeishi peke yake ndiye mwenye kazi ngumu.

Kagua ndoo kabla ya kumkagua mwenye ndoo. Imwage ya wiki nzima uone. Kwa nyumba za kupanga hapa Kisian utakuta maganda ya viazi, vikonyo vya sukuma, jivu, halafu vipakiti: vya sabuni ya unga, vya majani chai, vya viungo, vya shampuu. Maganda yana wenyewe. Kuku wa jirani wanayangoja, na huku bado kuna watu wenye shamba. Shida ni vipakiti, na vipakiti havitokani na roho mbaya. Vinatokana na kununua kadogo, kila mtu kivyake. Watu wanne wakiishi pamoja, kila mmoja akanunua kipakiti kimoja cha sabuni kwa wiki, mwaka ukiisha ni vipakiti 208. Sabuni peke yake! Wakichanga, mfuko mmoja mkubwa unawatosha kwa wiki kadhaa.

"Lakini pesa zetu haziingii siku moja." Najua. Mimi nalipwa kwa makala. Kuna mwezi pesa inakuja, na kuna mwezi inakuja "wiki ijayo". Ndiyo maana mchango uwe mdogo na wa kila wiki. Vyama vya akina mama vinaendeshwa hivyo, na vinajenga nyumba. Kinachokosekana kwenye keja zetu ni kuaminiana: nani amemaliza mafuta, nani hajachanga, nani amekula cha mwenzake. Hayo ndiyo mazungumzo ya mazingira tunayoyakwepa, halafu tunaenda kupiga picha mitungi ya kioo iliyopangwa kwa rangi.

Tena tuache kudhani ujuzi huu ulikuja na ndege. Mahindi sokoni yanapimwa kwa gorogoro, na gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia uliopewa maisha ya pili. Maziwa ya ATM unaenda na chupa yako. Dani anayetunza mkebe wa Kimbo tangu hujazaliwa hakuhitaji video ya kumfundisha.

Sasa lile gumu. Taka zikipungua nyumbani, kazi inaongezeka, na kazi ina mwenyewe. Ukiamua mtoto wa dada yako avae nepi za kitambaa, nani atazifua? Ukisema ndoo ziwe mbili, nani atatembea kupeleka maganda? Kwa nyumba nyingi jibu linajulikana kabla swali halijaisha: msichana wa kazi, au yule binamu wa kike aliyetoka dala kuja kutafuta chuo. Wewe unapata sifa, yeye anapata mikono iliyochubuka. Umetoa mzigo jaani ukauweka mgongoni pa mtu. Kanuni yangu ni moja: aliyeleta wazo aanze kulifanya yeye, mwezi mzima, bila kuhubiri. Akishindwa, basi wazo lilikuwa maneno tu.

Wapo watakaosema nawasamehe wakubwa. Hapana. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Mama mboga akajifunza haraka. Lakini vifungashio vinavyotoka kiwandani viliachwa nje ya marufuku hiyo, kwa hivyo kipakiti cha sabuni kikaendelea kuingia kila kioski kihalali. Halafu ikaja sheria ya taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, na wazalishaji wawajibike kwa bidhaa zao hata zikishakuwa taka. Vizuri sana. Ila ukishatenganisha, nani anakuja kuchukua? Nyuma ya ploti nyingi huku, jibu ni kiberiti. Moshi wa plastiki hauulizi nani alichanga. Unaingia kwa dirisha la mwenye pumu. Kisichoungua, mvua inakisukuma kwa mtaro, mtaro hadi mtoni, mto hadi ziwani, kulekule tunakotoa omena.

Kwa hivyo kaunti idaiwe gari, na viwanda viulizwe kuhusu vipakiti. Lakini nani atadai? Landilodi hamsikilizi mpangaji mmoja anayeomba shimo la mboji nyuma ya choo. Wapangaji wa milango kumi wakienda pamoja siku ya kodi, atasikiliza, hata kama ni kwa kununa. Watu walewale uliowaita kikwazo ndio sauti yako. Ukishawatukana kwa sababu ya chupa ya soda, usitarajie wasimame nawe mbele ya landilodi, sembuse mbele ya kaunti.

Anza na sabuni. Jumamosi hii kaeni chini, mhesabu vipakiti vya wiki, mchange, mnunue mfuko mmoja. Mkimaliza mwezi bila kugombana, ongezeni mafuta ya kupima, kwa chupa yenu. Na wakikukatalia, kabla hujaenda kuwasema mtandaoni, jiulize: katika mpango wako, ni nani alikuwa abebe ndoo?