Mutoshi: Mwanafunzi aulizwe «kwa nini», asikariri tu

Katika eneo la Mutoshi, Kolwezi, familia nyingi huishi kwa uchimbaji wa mikono. Gunia la madini likifika kwa mnunuzi, bei hutegemea uzito na kiwango cha shaba au kobalti kilichomo. Mara nyingi kiwango hicho hupimwa na mnunuzi mwenyewe, kwa mashine yake. Mchimbaji asiyeelewa asilimia hana la kubisha.

Hapo ndipo somo la hesabu lingeanzia. Gunia la kilo 50 lenye kobalti asilimia 3 lina kilo 1.5 za kobalti. Mashine ikionyesha asilimia 2, nani anapoteza, na kiasi gani? Ukweli utajulikanaje? Swali la mwisho halina jibu daftarini: wanafunzi hulazimika kujadiliana na kutoa sababu.

Programu mpya za hesabu na sayansi za sekondari, zilizoanza mwaka 2018, zinataka masomo yatokane na hali halisi ya maisha. Lakini Mtihani wa Serikali, kwa sehemu kubwa, humtaka mwanafunzi achague jibu moja kati ya yaliyoandikwa. Katika shule za msingi nako, madarasa yalijaa tangu masomo yawe bila malipo mwaka 2019, na majadiliano yakawa magumu.

Makundi ya wanafunzi watano watano yanaweza kumsaidia mwalimu. Ila mtihani usipouliza sababu, darasa litaendelea kukariri, na mizani itabaki mikononi mwa mnunuzi.