Geti Smati Sondu: Stima Ikipotea, Mathe Anatoka Aje?

Pitia barabara ya Ahero kwenda Kisii, ukishaacha Katito ukikaribia Sondu, cheki zile boma ziko na mageti mazito ya chuma na mwenyewe hayuko. Aliyejenga ako Nairobi ama Doha, mathe ndiye anaishi ndani. Sasa form mpya ni geti ya motor iliyoungwa na simu. Boda ikileta unga, kijana ako job Westlands anabonyeza tu, geti inafunguka Sondu. Ni poa, siwezi danganya. Lakini kuna swali moja hakuna fundi hupenda kuulizwa: stima ikienda ama neti ikikata, mathe anatoka aje?

(Majuu hii maneno hufanywa kwa mlango wa gereji ya nyumbani. Kwetu gereji ni pale unapeleka Probox ikianza kukohoa, so tuongee geti. Waya ni zile zile.)

Vile inafanya ni simpo. Kwa bodi ya motor kuna sehemu mbili za kuunga swichi ya kubonyeza. Zikigusana kidogo tu, geti inasonga. Fundi anaweka kiswichi cha waifai hapo, na hicho ndicho kidole chako cha mbali. Hapa wasee wengi huchomeka: wananunua kile cha bei rahisi cha kuwasha balbu, ambacho kinatoa volti 240 upande wa pili. Ukiunga hiyo kwa bodi, umenunua motor ingine. Unataka ile inaunganisha waya bila kupitisha stima yake, kama Shelly 1.

Shida kubwa haiko kwa waya. Ukibonyeza simu ukiwa Nairobi, amri haiendi Sondu direct. Inapita kwa seva ya kampuni, mara nyingi nje ya nchi, ndio irudi Nyakach. Hata mathe akiwa amesimama mbele ya geti, apu nyingi bado zinapitia huko.

Na mwenye seva ndiye mwenye geti. Uliza wasee wa Marekani. Mwaka wa 2023 kampuni ya Chamberlain, wakubwa wa milango ya gereji huko, ilifungia programu za nje kutumia mfumo wake wa myQ. Watu walikuwa wameunga milango yao na Home Assistant, programu ya bure ya kusimamia vitu vya nyumba, na Desemba hiyo Home Assistant ikatoa myQ kabisa. Mlango ni wako, umeulipia, lakini ruhusa imebaki kwa mwingine. Aprili mwaka huo huo ikatokea kuwa vifaa vya Nexx vilikuwa vinatumia paswadi moja kwa wateja wote. Mtafiti aliyeigundua alikadiria vifaa zaidi ya 40,000 viko hatarini. Yaani jamaa hakujui, hajawahi kanyaga kwako, na anaeza fungua.

Sasa rudisha hiyo story Sondu. Hapo karibu kuna mitambo ya KenGen ya Sondu-Miriu, megawati 60, na Sang'oro ya 21 inatumia maji hayo hayo. Ungedhani watu wa hapo hawajui giza. Wapi! Stima inaingia kwa gridi ya taifa, na Agosti 25, 2023 gridi ilipoanguka karibu Kenya yote ililala giza, hadi JKIA. Neti nayo? Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, tukabaki tukizungusha. Juni 25 ya maandamano ya Finance Bill, unakumbuka vile mtandao ulisota.

Fikiria usiku kama huo kuna mgonjwa ndani, gari iko nje inangoja. Motor nyingi zina ufunguo wa kuiachilia ili usukume geti na mkono. Lakini huo ufunguo uko wapi? Mara nyingi uko kwa droo Nairobi, na admin wa apu ni kijana mmoja, simu yake imezima chaji. Mathe amefungiwa kwa boma yake na mtoto wake mwenyewe, na nia ilikuwa usalama.

So kama unajengea wazazi, ambia fundi hivi. Motor iwe na betri yake, na ruta pia. Kiswichi kifanye kazi kwa waifai ya nyumba hata bundle zikiisha. Swichi ya kawaida ibaki ukutani, mahali mathe anafika bila simu. Weka sensa ya sumaku, juu bila hiyo apu itakuambia geti imefungwa na mbuzi wa jirani washaingia. Rimoti moja akae nayo. Halafu ule ufunguo wa motor utoke Nairobi wikendi hii, utundikwe kwa msumari jikoni, na mathe aonyeshwe kuutumia wewe ukiwa umesimama hapo.