Haiti Ililipishwa Uhuru Wake

Wakisema Haiti imeshindwa kujitawala, mimi huuliza: nani aliipiga ngeta? Kosa lake lilikuwa moja tu, mapinduzi yaliyofaulu. Watumwa waliwang'oa mabwana zao, wakatangaza uhuru mwaka 1804. Marekani ilikataa kuitambua hadi 1862. Mwaka 1825 Ufaransa ikaleta manowari na bili: faranga milioni 150, fidia ya mashamba na ya watu waliojikomboa. Mikopo ya kulipia deni hilo iliisha 1947.

Tarehe 25 Juni 2024, vijana wakipigwa risasi nje ya Bunge letu, polisi wetu wa kwanza walitua Port-au-Prince. Msituambie huo ni undugu. Ndugu wa kweli angeanzia Paris: rudisheni pesa za watu.