Msiucheke Mstari, Mwulizeni Aliyeuchora

Katika mijadala kuhusu mipaka ya uchaguzi, hoja moja hurudiwa kila mara: kwamba ramani yenye maumbo nadhifu ni ya haki, na yenye maumbo ya ajabu ni ya hila. Nimeisikia kwa wanafunzi, kwa wanaharakati na hata kwa maofisa wa umma. Siikubali, na ushahidi wangu ni wilaya ya 12 ya uchaguzi katika jimbo la North Carolina, Marekani, ambayo mipaka yake ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mara tano kati ya mwaka 1993 na 2017. (Huko "jimbo" ni eneo lenye serikali na bunge lake, ninaposema "wilaya" nina maana ya eneo linalomchagua mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi la taifa.)

Historia yake haieleweki bila kurudi nyuma. Mwaka 1872, Bunge la jimbo lilikuwa mikononi mwa chama cha Democratic, ambacho zama hizo kilikuwa chama cha wazungu waliopinga haki za watumwa waliokombolewa. Wachora ramani wake waliwarundika wapiga kura weusi wa mashariki mwa jimbo katika wilaya moja, ya 2, ili kura zao zisiwe na uzito mahali pengine. Hata ndani ya zizi hilo watu walipata sauti: kati ya mwaka 1875 na 1901 wilaya hiyo ilituma Washington wabunge weusi wanne. Wa mwisho alikuwa George Henry White. Mwaka 1900 katiba ya jimbo ilirekebishwa, na masharti ya kujua kusoma na kulipa kodi yakawaondoa watu weusi kwenye daftari la wapiga kura. White aliondoka bungeni mwaka 1901. Ilipita miaka 91 kabla ya North Carolina kumchagua mbunge mwingine mweusi, ingawa watu weusi hawakupungua kuwa mmoja kati ya kila watano.

Sensa ya mwaka 1990 ililipa jimbo kiti cha 12. Bunge la jimbo likachora ramani yenye wilaya moja tu ambamo watu weusi walikuwa wengi. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, ramani hiyo ilihitaji idhini ya serikali kuu, na Wizara ya Sheria ikaikataa, ikisema wilaya ya pili ya namna hiyo ingewezekana kusini na kusini-mashariki mwa jimbo. Wabunge wa jimbo walikubali kuongeza wilaya, lakini wakaiweka kwingine, kwa sehemu kubwa ili viti vya wabunge waliokuwapo visiguswe. Ndipo ikazaliwa wilaya ya 12: ukanda wa maili 160 hivi, yaani kilometa zipatazo 257, uliofuata barabara kuu ya I-85 kutoka Durham hadi Gastonia, ukipita Greensboro, Winston-Salem na Charlotte. Mahali pengi haukuzidi upana wa barabara yenyewe. Mwanasiasa mmoja wa jimbo alitania kwamba dereva akipita huko na milango yote miwili ya gari ikiwa wazi, atawaua wakazi wengi wa wilaya.

Dunia ilicheka. Wachache walitaja kwamba katika uchaguzi wa mwaka 1992 Mel Watt alishinda wilaya ya 12 na Eva Clayton wilaya ya 1, na ukimya wa miaka 91 ukavunjika. Wachache zaidi waliona kwamba umbo lile la nyoka halikutokana na madai ya watu weusi, bali na wakubwa waliokataa kusogea.

Wakazi watano wazungu wa Durham walifungua kesi. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliwaruhusu kuipinga ramani. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba kuwakusanya watu wa mbali kwa sababu ya rangi tu kunakaribia kufanana na ubaguzi wa apartheid. Mwaka 1996 wilaya ikabatilishwa. Mwaka 1997 ikachorwa upya, fupi na nene zaidi, watu weusi wakiwa chini ya nusu. Kesi nyingine ikafuata, na mwaka 2001 Mahakama ikaihalalisha, tena kwa kura 5 dhidi ya 4. Sababu? Haikuthibitishwa kwamba rangi ndiyo iliyotawala. Huenda wachoraji walitafuta tu wapiga kura waaminifu wa Democratic, chama ambacho kufikia wakati huo kilikuwa kimegeuka na kuwa chama cha watu weusi.

Hapa ndipo nawaomba wasomaji wangu watulie. Katika jimbo ambalo sehemu kubwa mno ya wapiga kura weusi humpigia mgombea wa chama kimoja, rangi na chama ni nguo mbili za mwili mmoja. Mahakama iliikataza nguo moja na kuiruhusu nyingine. Mwenye kalamu akajifunza la kusema mbele ya jaji.

Mwaka 2010 chama cha Republican kilitwaa mabunge yote mawili ya jimbo kwa mara ya kwanza tangu 1870, na kalamu ikabadili mkono. Watt alikuwa akishinda kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura katika wilaya ambamo watu weusi wa umri wa kupiga kura walikuwa asilimia 43.8. Ramani ya mwaka 2011 ilipandisha idadi hiyo hadi asilimia 50.7. Kura alizoongezewa hakuwa na haja nazo. Ziling'olewa kwa majirani ambako zingeweza kubadili matokeo. Mwaka 2012 wagombea wa Democratic walipata kura nyingi zaidi jimboni kote, lakini Republican walichukua viti 9 kati ya 13. Ilikuwa mbinu ya mwaka 1872, safari hii kwa faida ya chama kingine. Mahakama iliibatilisha wilaya hiyo, na Mahakama ya Juu ikathibitisha hukumu mwaka 2017.

Na tiba ilikuwaje? Ramani ya mwaka 2016 ilipendeza macho. Wilaya ya 12 ikawa ndani ya kaunti moja, Mecklenburg, yenye jiji la Charlotte. Greensboro ikaachwa nje, na mbunge aliyemrithi Watt, Alma Adams, aliyefundisha huko miaka mingi, akalazimika kuhamia Charlotte. Mstari mpya ulipita katikati ya Chuo Kikuu cha A&T, chuo cha kihistoria cha watu weusi ambacho wanafunzi wake wanne walikaa kwenye meza ya wazungu mgahawani mwezi Februari 1960 na kuwasha moto wa mapambano nchi nzima. Katika chaguzi za 2016 na 2018, wanafunzi wa upande mmoja walipiga kura wilaya ya 6 na wa upande wa pili wilaya ya 13. Zote mbili zilikwenda kwa Republican. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa ramani ilikuwa nadhifu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba hila ya kichama katika mipaka si jambo la mahakama za shirikisho kuamua.

Kwa hiyo, anayeletewa ramani ya mipaka na aache kuitazama kama picha. Na aulize: Kalamu imeshikwa na nani, na kiti chake kimo humo? Kura za nani zimerundikwa, za nani zimetawanywa? Aliyeumizwa ana njia gani ya kumwondoa mchoraji?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Huko North Carolina gavana hana kura ya turufu dhidi ya ramani za uchaguzi. Wananchi wa Arizona mwaka 2000 na wa Michigan mwaka 2018 waliwapokonya wanasiasa kalamu kwa kura ya maoni na kuikabidhi tume huru. Wa North Carolina hawawezi, kwani katiba yao haiwapi raia haki ya kuanzisha kura ya namna hiyo. Wanaoweza kubadili utaratibu ni wale wale wanaonufaika nao. Mpaka hilo libadilike, kila ushindi mahakamani utawarudisha wakazi wa wilaya ya 12 mezani pa mchoraji yule yule, akiwa na karatasi mpya.